Nilisema Nimekuja Kusaini Bumu

Benchi lilikuwa la mbao, refu, limepakwa rangi ya kijivu, na lilitazamana na mlango wenye kibao kilichoandikwa "Mshauri wa Wanafunzi". Nilikaa pale Jumanne moja asubuhi, mwanzoni mwa 2019, nikiwa mwaka wa pili. Kushoto kwangu alikuwepo kijana aliyepoteza kitambulisho. Kulia kwangu, vijana wawili walioitwa kwa kesi ya kupigana hosteli. Nyuma yangu wamesimama dada wanne wanaotaka kubadilishiwa vyumba. Usiku kucha nilikuwa macho nikipanga sentensi moja ya kumwambia atakayenipokea, nayo ilikuwa fupi: "Naomba msaada, sijielewi." Zamu yangu ikafika. Karani akainua kichwa, akauliza kwa sauti iliyosikika mpaka mwisho wa korido: "Wewe binti, shida yako nini?"

Nikasema nimekuja kuulizia kusaini bumu.

Akanielekeza ofisi ya mikopo, ghorofa ya chini. Nikashukuru, nikashuka ngazi, nikaipita ofisi ya mikopo bila kusimama, nikarudi hosteli kujifunika shuka. Ilinichukua miezi minne kujaribu tena.

Kwa asiyepita vyuo vya Tanzania: bumu ni fedha ya kujikimu inayotoka Bodi ya Mikopo. Enzi zetu ilikuwa shilingi 8,500 kwa siku, ikitoka kwa mkupuo wa siku sitini, yaani 510,000, na usiposaini huipati. Hakuna anayemshangaa mwanafunzi anayeulizia bumu, ndiyo maana uongo ule ulinijia haraka vile. Chuo sitakitaja. Benchi kama lile nimeliona katika vyuo vingine viwili tangu wakati huo, na ninachotaka kusema leo ni juu ya benchi na mlango wake, zaidi ya chuo chochote.

Baba alifariki Januari 2018, nikiwa mwaka wa kwanza. Kwetu ni Mbinga, na basi la kutoka Dar es Salaam linakula mchana na usiku. Nilifika watu wameshatoka makaburini. Mama alinipokea mlangoni, udongo wa kaburi bado uko kwenye kandambili zake. Nikakaa siku sita, nikarudi kuwahi test. Arobaini ikaangukia wiki ya UE, mitihani ya mwisho wa muhula, sikwenda. Siku nyumbani wanapikia watu na kusali, mimi nilikuwa kwenye ukumbi wa mitihani nikijibu maswali ya takwimu, na nakumbuka nilifaulu somo lile vizuri kuliko mengine yote. Watu walinisifu kwamba nina moyo.

Mimi ni wa kwanza kuzaliwa. Kila bumu lilipoingia nilituma nyumbani 150,000, na iliyobaki nikaibana. Sikuona kama ni mzigo. Ndivyo inavyokwenda kwa wengi wetu: ukoo mzima una msomi mmoja, na msomi huyo anajua. Ila kufikia mwaka wa pili mambo madogo yalianza kunishinda. Nilikuwa nikisoma mstari mmoja mara kumi na bado haujaingia. Nywele nilikaa nazo miezi miwili bila kusuka. Simu za Mama nilizipokea nje, nikitembea, kwa kuwa nimegundua kwamba nikitembea sauti haitetemeki. Kisha zikaja sapu mbili kwa mpigo, yaani mitihani ya kurudia, na neno "kudisko", kuondolewa chuo kwa kufeli, likaanza kunizungukia kichwani kama nzi chumbani.

Ukiniuliza wakati ule ninaumwa nini, ningekujibu "nina mawazo". Kiswahili chetu kina jambo la ajabu hapa. Mtu mwenye mawazo si mtu mwenye fikra nyingi nzuri. Ni mtu anayeteseka. Mama akisema "mwanangu ana mawazo" jirani anaelewa, anasema pole, na pengine analeta uji. Lakini neno hilo hilo halikupeleki popote. Hakuna anayekwenda hospitali kwa sababu ya mawazo. Neno la wataalamu, sonona, nilikuwa nimelisikia redioni na nikadhani ni ugonjwa wa watu wengine. Na kati ya mawazo na wazimu, mtaani kwetu hakuna kituo cha katikati. Ama una mawazo, ujikaze, ama umerukwa na akili, upelekwe Mirembe. Aliyelitamka jina la Mirembe alikuwa amekutukana, ingawa ile ni hospitali ya watu wagonjwa kule Dodoma kama hospitali nyingine yoyote.

Kisha kuna neno "ushauri nasaha". Wa rika langu tulilisikia kwanza kwenye kampeni za Ukimwi. Julai 2007 Rais Kikwete alipima virusi hadharani Dar es Salaam kuzindua kampeni ya kitaifa, na kila bango na kila tangazo la redio lilisema ushauri nasaha na upimaji wa hiari. Kazi ile iliokoa watu wengi, na mimi siidharau hata kidogo. Lakini neno lilibaki limefungwa pale pale. Mwaka 2019 hosteli yetu, ukisema "fulani ameonekana anaingia ushauri nasaha", watu walitazamana, na hakuna aliyedhani unazungumzia usingizi uliopotea.

Kabla sijarudi kwenye mlango, nieleze kisa kimoja ambacho bado kinanigusa. Kati ya benchi lile na msaada niliokuja kuupata, nilijaribu kwa mhadhiri aliyekuwa mlezi wa kundi letu. Alikuwa mtu mwema, na ninasema hivyo kwa moyo mmoja. Alinikaribisha, akafunga mlango, akaniuliza kulikoni. Nikasema baba alifariki, silali, naogopa kudisko. Akaongea dakika arobaini. Alinieleza alivyosoma kwa kibatari, alivyotembea kwenda shule bila viatu, alivyofiwa na wazazi wote wawili na leo yuko alipo. Akaniambia nijikaze, kwamba Mama ananitegemea, wadogo zangu wananitegemea. Nikaitikia "ndiyo, mwalimu" mara nyingi sana. Nilitoka pale nimebeba mzigo wangu pamoja na wa kwake.

Yule mzee hakunikosea kwa roho mbaya. Jina la kazi ndilo lililomwelekeza. Tumeiita kazi hii ushauri, na mshauri kazi yake ni kushauri: aongee, wewe usikilize. Ukienda kwa mzee wa ukoo ndivyo ilivyo, na kwa mambo ya shamba au ndoa huenda inafaa. Mimi sikuwa nimekosa ushauri. Kila alilonishauri nilikuwa nikijiambia mwenyewe kila usiku, kwa ukali kuliko wake.

Aliyenifikisha panapostahili hakuwa mtaalamu. Alikuwa binti wa Tanga niliyekuwa nimembeba. Kubebana, kwa asiyejua, ni kulala wawili kwenye kitanda kimoja kwa kuwa mmoja hakupata nafasi hosteli na hana uwezo wa kupanga mtaani. Godoro letu lilikuwa la futi mbili na nusu, tunalala mzungu wa nne. Watu husema hosteli hakuna siri, kwa maana mbaya. Mimi nilipata maana nyingine. Huyu binti alijua kwamba silali kwa sababu nisipolala naye halali. Alijua kwamba sili kwa sababu tulikuwa tunachangia wali na maharage na sahani ilikuwa ikibaki. Wiki ya tatu ya hali ile alinikuta saa mbili usiku nimekaa kwenye kimbweta, meza na viti vya saruji vya kusomea nje, peke yangu, hakuna daftari, hakuna simu. Akakaa. Hakuuliza kitu. Alikuwa na chapati kwenye karatasi, akaimega, akaweka nusu mbele yangu juu ya saruji. Baada ya kitambo akasema, "Kesho nisindikize zahanati, tumbo linanisumbua."

Tumbo lake lilikuwa zima kabisa.

Zahanati ya chuo ilikuwa jengo la chini lenye miembe mbele, na kila mtu alikwenda pale: malaria, mafua, kuungua na jiko la umeme, kuomba karatasi ya mapumziko. Unapita mapokezi, unatoa kadi ya bima tuliyolipia shilingi 50,400 kwa mwaka, unakaa kwenye viti vya plastiki pamoja na wote. Kulikuwa na mama mmoja, amesomea saikolojia, aliyekuwa ameletwa mwaka ule. Awali walimpa meza kule kule kwenye korido ya benchi la kijivu. Akakaa wiki kadhaa bila kumpata mtu. Baadaye niliambiwa na muuguzi kwamba ni yeye mwenyewe aliyeomba ahamishiwe zahanati, chumba cha tatu baada ya maabara, na kibao chake kiandikwe "Chumba Na. 6" tu. Hivyo mtu aliyekuwa anakwenda kwake na mtu aliyekuwa anakwenda kutolewa damu walipita korido moja, wakipishana, na hakuna aliyejua nani anakwenda wapi.

Binti wa Tanga aliongea na muuguzi, sijui alimwambia nini. Mimi nikaitwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae. Kiti kile kina mguu mbovu, kaa hiki."

Akanieleza mambo mawili kabla ya jingine lolote. La kwanza, kwamba nitakayosema hayatatoka humo: hayaendi kwa wahadhiri, hayaendi Bodi ya Mikopo, hayaandikwi kwenye faili la chuo. La pili, kwamba kuna jambo moja tu litakalomfanya amwambie mtu mwingine, nalo ni akiona maisha yangu au ya mwenzangu yako hatarini, na hata hapo ataniambia mimi kwanza. Nikamwuliza mara mbili juu ya Bodi ya Mikopo. Akarudia mara mbili, bila kuchoka.

Halafu akasema maneno niliyokwisha kuwasimulia watu wengi: "Mwanangu, mimi leo sina ushauri wa kukupa. Nina saa moja."

Akanyamaza. Kulikuwa na pangaboi juu, likizunguka na kugonga kitu kila likimaliza mzunguko, tak, tak. Nilihesabu pengine mara thelathini. Kisha nikaanza kueleza habari ya arobaini. Sikuwa nimepanga kuisema, na sikuwa nimejua kwamba ndiyo iliyokaa mbele ya nyingine zote. Nilimwambia kwamba nilikuwa najibu swali la takwimu saa ambayo ndugu zangu wanasimama kaburini, na kwamba nilipata alama nzuri, na kwamba alama ile ndiyo siwezi kuisamehe. Hakuna aliyewahi kuniuliza juu ya alama nzuri. Wote waliuliza juu ya sapu.

Alinipa karatasi yenye maswali tisa, kwa Kiswahili. Ni maswali yanayotumika duniani kote, yameandikwa kwa ajili ya zahanati za kawaida: katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umesumbuliwa na kukosa hamu ya kufanya mambo, kulala vibaya, kuchoka, kujiona umeshindwa? Unachagua kuanzia sifuri hadi tatu, na jumla haivuki 27. Wengi huchukua 10 kuwa ndipo pa kuanza kufuatilia. Yangu ilikuwa 17. Sijui kama naweza kueleza faraja ya namba ile. Mwaka mzima nilikuwa nikijiona mvivu, mdhaifu, binti asiyejua kushukuru. Sasa kuna karatasi inasema hiki kitu kina kipimo, kwa hiyo kipo, na kama kipo kinaweza kushuka.

Swali la tisa linauliza juu ya fikra za kutaka kufa. Nilizungushia "siku kadhaa". Peni ilisita pale, na sababu yake si aibu peke yake. Nilikuwa nimesikia kwamba kujaribu kujiua ni kosa la jinai, na ni kweli: kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinasema hivyo. Mimi sikuwa nimejaribu chochote, na sheria haisemi lolote juu ya mtu anayepitiwa na fikra. Lakini mwanafunzi wa miaka ishirini na moja usiku wa manane hatofautishi. Anachojua ni kwamba kuna polisi mahali fulani ndani ya habari hii, kwa hiyo ananyamaza. Wenzetu wa Kenya walikuwa na kifungu kama hicho, cha 226, na Januari 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi ilitamka kwamba kinapingana na Katiba. Nilipoisoma habari ile nilikaa na simu mkononi muda mrefu. Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba watu wapatao 727,000 walikufa kwa kujiua mwaka 2021, na kwa wenye umri wa miaka 15 hadi 29 hiyo ni sababu ya tatu ya vifo. Huo ndio umri wa hosteli zetu. Natamani kifungu chetu nacho kifutwe, na natamani kifutwe mapema.

Yule mama hakushtuka nilipompa karatasi. Hakuniombea wala kunikemea. Aliniuliza maswali ya wazi, kwa sauti ile ile aliyoulizia habari za Mbinga, kisha tukaandika pamoja, kwa mkono wangu, nitamwamsha nani usiku ikizidi. Jina la kwanza lilikuwa la binti wa Tanga. La pili mjomba wangu wa Temeke. Akanipeleka pia kwa daktari wa akili, hospitali kubwa, ambako nilipewa vidonge na kuelezwa kwamba huchukua wiki mbili mpaka nne kabla sijaona tofauti, nisivitupe. Nilimrudia Chumba Na. 6 kila Alhamisi, mara kumi na moja. Kati ya hizo kuna siku tulizungumzia kahawa tu, namna Baba alivyokuwa akiianika na kuigeuza kwa vidole vya miguu.

Miaka baadaye nilisoma habari za Dixon Chibanda, daktari wa akili wa Zimbabwe, na nikahisi kama namfahamu. Alimpoteza mgonjwa wake, binti aliyetakiwa kurudi hospitali lakini familia haikuwa na nauli ya basi, dola 15. Mwaka 2006 akaanza na bibi kumi na wanne wa Mbare, mtaa wa Harare, akiwafundisha kukaa na watu kwenye benchi la mbao nje ya zahanati na kuwasikiliza. Mwanzo aliliita benchi la afya ya akili, na watu hawakuja. Bibi wenyewe wakamwambia jina ndilo linalofukuza watu, wakaliita benchi la urafiki. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika zahanati 24 za Harare, watu 573, na waliokaa na bibi walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Wale bibi hawatumii neno la wataalamu. Wanatumia neno la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Ni yale yale mawazo yetu! Na hatua ya kwanza wanaiita kuvhura pfungwa, kufungua fikra. Kwa Mshona kufunga ni kufikiri. Kwetu kufunga ni kufunga mlango. Nimelitafakari hilo mara nyingi kuliko linavyostahili, pengine. Lakini kila nikikumbuka ule mwaka, naona maana zote mbili zilikuwa kweli kwangu kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo huwa natofautiana na wanaoniambia kwamba dawa ni kuondoa unyanyapaa kwanza: semina, mabango, fulana zenye maandishi, siku moja kwa mwaka mgeni rasmi anahutubia. Wengine wameniambia kwamba kuficha chumba kati ya maabara na stoo ni kukubali kwamba kuna cha kuonea aibu. Nawaelewa. Ningependa mwanangu aishi mahali ambapo anasema wazi "nakwenda kwa mnasihi wangu" kama anayekwenda kwa daktari wa meno. Ila yule aliyekaa kwenye benchi la kijivu leo asubuhi hawezi kungoja jamii ibadilike. Anahitaji mlango ambao akionekana anaingia hana cha kujieleza, na ndani awe mtu aliyesomea kunyamaza. Kuhamisha meza kutoka korido moja hadi nyingine hakuhitaji bajeti ya wizara. Kumwambia karani asiulize shida ya mtu mbele ya wengine hakuhitaji hata karatasi. Kilichohitaji fedha ni kuwa na akina mama kama yule zaidi ya mmoja, kwa kuwa sisi tulikuwa maelfu na yeye alikuwa peke yake, na ilipofika wiki ya UE foleni yake ilivuka wiki tatu. Hilo lilinitia hofu wakati ule na linanitia hofu hadi leo: wiki tatu ni nyingi sana kwa aliyezungushia swali la tisa.

Na vimbweta navyo. Kila chuo kinavyo, saruji tupu chini ya miti, na usiku ndipo watu wanaposemea mambo yao wakijifanya wanasoma. Kama kuna mtu wa kufundishwa kusikiliza, ni wale wanaokaa pale tayari, akina binti wa Tanga. Wasifundishwe kutibu. Wafundishwe kuona sahani iliyobaki, kuuliza bila kuhukumu, na kujua Chumba Na. 6 kiko wapi. Ukiwa Kenya na hujui pa kuanzia, Msalaba Mwekundu wana namba ya bure, 1199. Tanzania, hospitali ya rufaa ya mkoa ulipo ina watu wa afya ya akili. Nenda na mtu, hata kama ni kwa kisingizio cha tumbo lake.

Nilimaliza shahada yangu kwa kuchelewa mwaka mmoja. Sasa nafanya kazi ya uhasibu katika chuo kingine, na dirisha langu liko karibu na lango la wanafunzi, kwa hiyo wengi huniuliza njia. Mwezi uliopita alikuja kijana, mwaka wa kwanza kwa kumtazama, shati limefungwa vifungo vibaya. Akaniamkia. Akauliza ofisi ya mikopo iko wapi. Nikamwonyesha: pale, mlango wa bluu. Akatazama mlango wa bluu, akatazama chini, hakwenda.

Nikafunga droo, nikachukua mkoba. "Mdogo wangu," nikamwambia, "mimi nakwenda zahanati hapo nyuma, kichwa kinaniuma. Nisindikize."

Tulitembea bila kuongea hadi kwenye miti. Pale akaniuliza kama kichwa kinauma sana.